Leuven, Antwerpen, Berlin: utafiti wa vyuo vya Ulaya uliopita Kasongo na Kabambare

Mama mwenye mimba anapofika CPN kusini mwa Maniema, muuguzi anamuuliza maswali mengi. Umezaa mara ngapi? Mtoto wa kwanza alitoka vizuri? Umeisha kupasuliwa? Mara nyingine anamsimamisha ukutani na kumpima urefu. Mama anajibu, anapewa kartasi yake, anarudi nyumbani. Ni wachache wanaojua kwamba maswali hayo yana historia, na kwamba sehemu moja ya historia hiyo ilifanyika hapa hapa Kasongo, katika hesabu zilizosomwa baadaye na madaktari wa dunia nzima.

Wakaaji wengi wa Kasongo na Kabambare wamezoea kuona wageni wenye madaftari. Mmoja anauliza juu ya homa, mwingine anaokota mawe, mwingine anataka kusikia habari za Waungwana wa zamani. Kisha wanaondoka. Wanakwenda wapi na yale waliyoandika? Makala hii inaeleza chuo kikuu kikubwa cha Ulaya kinafanya kazi gani, utafiti gani ulipita katika teritware zetu mbili, ulileta nini, na mwenyeji ana haki ya kuuliza nini mtafiti anapofika mlangoni.

Chuo kikuu kikubwa ni kitu gani?

Tuchukue mfano wa Leuven, mji mdogo wa Ubelgiji ulio karibu na Brussels, upande wa mashariki. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1425, kwa hiyo mwaka 2025 kilitimiza miaka 600. Maktaba yake ilichomwa na jeshi la Ujerumani Agosti 1914, ikajengwa upya, ikaungua tena Mei 1940. Mwaka 1968 ugomvi wa lugha kati ya Waflandria na wanaosema Kifaransa ulikikata chuo vipande viwili. Wanaosema Kiholanzi walibaki Leuven, na wanaosema Kifaransa wakajengewa mji mpya unaoitwa Louvain-la-Neuve. Leo chuo cha Leuven peke yake kina wanafunzi zaidi ya 60,000.

Watu wengi wanafikiri iniversite ni mahali pa kufundisha na kutoa diploma tu. Katika chuo kikubwa cha namna hiyo, kufundisha ni nusu ya kazi. Profesa anafundisha, lakini pia anatafuta jambo ambalo hakuna anayelijua bado. Anaomba makuta serikalini au kwenye mifuko ya utafiti, anachukua vijana wanaotayarisha udaktari wa chuo, wanapima, wanahesabu, kisha wanaandika matokeo katika jarida la kisayansi. Kabla jarida halijachapisha, wasomi wengine wanakagua kazi ile na kutafuta makosa. Ndiyo maana kazi moja inaweza kuchukua miaka mitano au kumi.

Jambo la kushangaza ni upana wa kazi hizo. Huko Leuven, elimu zimepangwa katika makundi makubwa matatu: elimu za jamii, lugha, sheria na dini, sayansi na ufundi, na elimu ya tiba. Padre Georges Lemaître, aliyekuwa profesa hapo, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu wote unapanuka, kisha mwaka 1931 akatoa wazo kwamba ulianza kutoka kitu kimoja kidogo sana. Katika chuo hicho hicho, miaka mingi baadaye, Erik De Clercq wa Taasisi ya Rega alifanya kazi na mkemia Antonín Holý wa Prague, na kutoka kazi yao ikapatikana tenofovir. Jina hilo si geni kwa wanaokunywa dawa za UKIMWI: ni mojawapo ya dawa tatu zilizomo katika kidonge kimoja kinachogawiwa leo katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo.

Leuven pia ndiko inakotunzwa akiba kubwa ya aina za ndizi za dunia. Tangu miaka ya 1980, vipandikizi vidogo vya migomba vinakaa ndani ya vichupa, katika baridi na mwanga wa taa, aina zaidi ya 1,500. Ugonjwa ukimaliza aina fulani shambani, mbegu safi inaweza kutoka huko. Kwa watu wanaokula ndizi kila juma, hilo si jambo la mbali. Na tusisahau imec, kituo cha utafiti wa vipande vidogo vya elektroniki kilichozaliwa Leuven mwaka 1984. Elektroniki hiyo inahitaji madini kama tantali, inayotoka katika koltani. Mchimbaji wa Maniema na mtafiti wa Leuven hawajuani, lakini kazi zao zinakutana ndani ya simu.

Leuven ilipofika Kongo

Uhusiano wa chuo hiki na nchi yetu ni wa zamani. Mwaka 1954, wakati wa ukoloni, Leuven ilizaa chuo kikuu cha Lovanium kwenye mlima mmoja karibu na Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo. Mwaka 1959 Lovanium ilipata mtambo wa nyuklia wa utafiti, wa kwanza katika Afrika yote. Aliyeusimamia alikuwa Luc Gillon, padre na mwanafizikia aliyetoka Leuven.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha Lovanium, chuo cha Lubumbashi na kile cha Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena, ndipo tukapata UNIKIN, UNILU na UNIKIS. Vyuo vya jimbo letu, Kindu na Kasongo, ni wadogo zao. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kasongo leo anasoma katika mti ambao mizizi yake mmoja ulipitia Leuven.

Projet Kasongo

Lakini utafiti mkubwa kuliko yote uliofanyika hapa haukutoka Leuven. Ulitoka Antwerpen, mji wa bandari wa Ubelgiji, katika Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto. Taasisi hiyo ilianza Brussels mwaka 1906 kama shule ya madaktari waliokuwa wakipelekwa Kongo, kisha ikahamia Antwerpen mwaka 1933.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi miaka ya 1980, madaktari wa Antwerpen pamoja na waganga na wauguzi wa Kizaire waliendesha huku mpango uliojulikana kama Projet Kasongo. Swali lao lilikuwa moja, rahisi kulisema na gumu kulijibu: katika eneo la vijijini lenye barabara mbaya na makuta machache, namna gani ya kupanga matibabu ili kila mtu apate huduma iliyo ya maana?

Wakati ule kawaida ilikuwa hopitali moja kubwa mjini, na vijijini dispensari zilizotawanyika bila uhusiano wa kweli na hopitali. Projet Kasongo ilijaribu njia nyingine. Ilijenga mtandao wa vituo vya afya, kila kimoja kikihudumia watu wa eneo linalojulikana. Kituo kilikuwa na muuguzi aliyefundishwa vizuri, mwenye maelekezo yaliyoandikwa: ukiona dalili hii fanya hivi, ukiona ile peleka hopitali. Karatasi za wagonjwa zilikaa kituoni ili muuguzi awajue watu wake. Wenyeji walikuwa na komite ya kuzungumza na kituo. Hopitali ya Kasongo ilibaki kwa kazi ambazo kituo hakiwezi, na daktari alitoka kwenda kutembelea vituo.

Msomaji atasema: lakini huo ndio mpango tulio nao leo! Ni kweli. Zone ya afya, aire ya afya, kituo, hopitali jenerali ya rufaa, IT, CODESA: mambo hayo yanafanana sana na yale yaliyojaribiwa Kasongo. Haikuwa Kasongo peke yake. Bwamanda, Kisantu na Vanga pia zilikuwa mahali pa majaribio ya namna hiyo. Mwaka 1978 mkutano wa dunia wa Alma-Ata ulitangaza afya ya msingi kwa wote, na katika miaka ya 1980 Zaire iligawanya nchi yote katika zone za afya 306. Idadi hiyo imeongezeka tangu hapo hadi kupita 500. Kusini mwa Maniema leo tuna zone za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila.

Mwaka 1981 kikundi cha Projet Kasongo kiliandika kitabu juu ya mafunzo ya kazi hiyo. Wanafunzi wa afya ya umma waliofika Antwerpen kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walifundishwa kwa mfano wa Kasongo. Kuna madaktari katika mabara mengine wanaolijua jina la mji huu bila kujua uko upande gani wa Lualaba.

Hesabu za wajawazito

Turudi kwa yule mama wa CPN. Katika miaka ya 1970 na 1980, madaktari wengi waliamini kwamba ukiwapima wajawazito vizuri, utajua mapema ni nani atapata hatari ya mtoto kukwama njiani. Wale unawaweka kwenye orodha na kuwatuma hopitali kabla ya siku. Wengine wanazalia kijijini. Ilionekana kuwa akili nzuri, hasa mahali ambapo gari ni moja na hopitali iko mbali.

Projet Kasongo ilipima wazo hilo kwa hesabu. Muuguzi alitumia alama rahisi ambazo hazihitaji mashine, kama urefu wa mama na habari za uzazi wake wa nyuma. Kisha walifuata akina mama hadi kuzaa, wakalinganisha orodha na yaliyotokea. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984. Kati ya kila wanawake 100 waliopata shida ya mtoto kukwama, 71 hawakuwa kwenye orodha ya hatari. Na kati ya kila 100 waliowekwa kwenye orodha, 90 walizaa bila shida hiyo.

Maana yake ni nzito. Mama aliyeambiwa uko salama ndiye aliyeweza kukwama usiku, kijijini, bila mtu kujitayarisha. Na mama aliyeogopeshwa, aliyeuza kuku na kutembea siku nzima hadi hopitali, mara nyingi angezaa vizuri nyumbani.

Hesabu hizo za Kasongo zilitajwa tena na tena na wataalamu wa uzazi salama katika miaka ya 1990. Zilisaidia kubadili fundisho la dunia. Badala ya kusema kuna mimba za hatari na mimba zisizo na hatari, walianza kusema kila mimba inaweza kupata hatari. Kwa hiyo dawa si orodha tu. Dawa ni kila mama azae mbele ya mtu aliyefundishwa, na akikwama apatikane usafiri na daktari wa kumpasua kwa wakati.

Hapa ndipo somo linaporudi kwetu na kuuma. Somo lilitoka Kasongo likazunguka dunia, lakini mama wa kijiji cha mbali cha Kabambare bado anahitaji vitu vile vile vitatu: mzalishaji, pikipiki au gari, na chumba cha upasuaji chenye damu na taa. Kujua peke yake hakukatizi barabara mbaya.

Surua: ugomvi wa wasomi

Kazi nyingine ya Kasongo ilizua mabishano makubwa. Surua ilikuwa inaua watoto wengi, na chanjo ilikuwepo. Projet ilichanja watoto, kisha ikafuata maisha yao. Mwaka 1981 jarida la Uingereza linaloitwa The Lancet lilichapisha matokeo juu ya watoto wa miezi 7 hadi 35. Waliochanjwa waliishi zaidi kuliko wasiochanjwa, hilo lilionekana. Lakini watafiti walisema faida ilionekana kupungua kadiri mtoto alivyokua. Waliuliza swali la uchungu: je, mtoto dhaifu akiokolewa na surua, hatakufa kwa ugonjwa mwingine, kwa sababu njaa na umaskini bado vipo?

Wengine waliogopa kwamba swali hilo litawafanya wenye makuta waseme chanjo haina maana. Peter Aaby, mtafiti wa Denmark aliyeanza kazi Guinea-Bissau mwaka 1978, alizichukua takwimu za nchi mbalimbali, za Zaire zikiwa ndani, akazipitia upya. Mwaka 1995 yeye na wenzake waliandika kinyume kabisa. Kwao, watoto waliochanjwa surua walikufa kidogo sana kuliko wasiochanjwa, hata ukiondoa vifo vya surua yenyewe. Yaani chanjo ilionekana kusaidia mwili kupita surua. Jinsi chanjo inavyofanya hivyo ni jambo ambalo wasomi wanaendelea kulijadili.

Kwa mzazi, jambo moja halibishaniwi katika pande zote mbili: mtoto aliyechanjwa surua ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Lakini mabishano yenyewe yanafundisha namna sayansi inavyokwenda. Mmoja anasema, mwingine anapinga kwa hesabu, na takwimu zinabaki wazi ili wa tatu azipitie. Anayekwambia kwamba sayansi imesema, mwulize ni nani alisema, lini, na nani alimkagua.

Malale na tone la damu

Maniema ya kusini inajulikana pia kwa malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Hapo Antwerpen ilileta kitu kidogo chenye faida kubwa. Mwaka 1978 watafiti wa taasisi ile ile walionyesha kipimo cha kadi kiitwacho CATT. Tone la damu ya kidole linachanganywa na dawa kwenye kadi, kadi inatikiswa, na baada ya dakika chache vidonge vidogo vikijikusanya, mtu anapelekwa kwenye vipimo vingine. Kwa kadi hiyo, timu inayotembea inaweza kupima kijiji kizima kwa siku.

Kutibu kulikuwa kugumu zaidi. Kwa miaka mingi, mgonjwa ambaye vijidudu vimeingia kwenye ubongo alichomwa melarsoprol, dawa yenye sumu ya arseniki iliyoua baadhi ya wagonjwa waliotakiwa kupona. Leo kuna vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa kwa wagonjwa wa Kongo na wa Jamhuri ya Afrika ya Kati na kukubaliwa Kinshasa Desemba 2018. Mgonjwa anameza kwa siku 10. Safari hiyo kutoka sindano ya sumu hadi kidonge ilihitaji wasomi wa Ulaya, waganga wa Kongo, na zaidi ya wote wagonjwa waliokubali kujaribiwa.

Karatasi za Kabambare chini ya taa za rangi

Utafiti si udaktari tu. Kabambare ina jina lake katika maktaba za Uingereza, ingawa limeandikwa Bambarre. David Livingstone alifika hapo mara ya kwanza mwaka 1869, na baadaye vidonda vya miguu vilimkwamisha hadi Februari 1871. Karatasi zilimwishia. Akaanza kuandika juu ya magazeti ya zamani, akikatisha maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kutoka mimea ya huku. Miaka ikapita, wino ukafifia, magazeti yakaoza. Hakuna aliyeweza kusoma tena.

Kuanzia mwaka 2010, kikundi kilichoongozwa na Adrian Wisnicki, wakati huo akiwa Birkbeck, chuo cha Chuo Kikuu cha London, kilipiga picha kurasa hizo kwa taa za rangi nyingi, hata zile ambazo macho ya mtu hayazioni. Kompyuta ikatenganisha wino wa Livingstone na wino wa gazeti. Barua aliyoandika kutoka Kabambare Februari 1871 ikasomeka, kisha daftari lake la Nyangwe la mwaka huo likatangazwa Novemba 2011.

Daftari hilo lina maana kwetu kwa sababu lina habari ya tarehe 15 Julai 1871, siku watu wenye bunduki walipofyatulia soko la Nyangwe kando ya Lualaba, na mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza, wakafa kwa risasi au majini. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1874, baada ya kifo cha Livingstone, kilikuwa kimepitia mikono ya wahariri. Sasa maneno ya kwanza, yaliyoandikwa wakati ule ule, yanaweza kulinganishwa na yale yaliyosafishwa.

Berlin, Tippu Tip na Tongoni

Chuo kikuu kingine kikubwa, Berlin, kilihifadhi upande wa pili wa historia hiyo. Mwaka 1887 kilifungua seminari ya lugha za mashariki, na Kiswahili kilifundishwa humo na walimu, baadhi yao wakitoka Zanzibar. Lengo lilikuwa wazi: kutayarisha maofisa na wafanyabiashara wa makoloni. Hata hivyo, jarida la seminari hiyo ndilo lililochapisha mwaka 1902 na 1903 maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kazi iliyosimamiwa na Mjerumani Heinrich Brode. Humo Kasongo, Nyangwe na watu wa huku wanaonekana kwa macho ya tajiri wa pembe na watumwa. Ni ushahidi wa thamani, na ni ushahidi wa mtu mmoja mwenye nguvu. Waliochukuliwa utumwani hawakuandikiwa kitabu.

Mji wa Tippu Tip na warithi wake ulichukuliwa na jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, aliandika juu ya nyumba zenye vitu vya anasa na mashamba makubwa waliyoyakuta. Mahali hapo leo panaitwa Tongoni. Katika miaka ya 2010, Noemie Arazi na wenzake, pamoja na watafiti wa Kongo, walifanya uchunguzi huko: walipima, walichimba, na pia walikaa na wakaaji kusikiliza kumbukumbu zao. Makala yao ilitoka mwaka 2020 katika jarida Antiquity. Wazee waliohojiwa walikuwa sehemu ya ushahidi sawa na vipande vya vyungu.

Mawe, ramani na dhahabu

Makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels yanatunza ramani na vipande vya mawe kutoka kila upande wa Kongo, pamoja na maandishi ya kampuni za madini za zamani. Wanajiolojia wa Leuven, Ghent na Tervuren wameandika mengi juu ya ukanda wa mawe wa Kibara na jinsi bati, tungsteni na koltani zilivyozaliwa na graniti za karibu miaka bilioni moja. Namoya, katika Kabambare, ni sehemu ya ukanda wa dhahabu unaoelekea Twangiza, Kivu ya Kusini. Kampuni ya Kanada ya Banro ilianza huko uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016.

Hapa tofauti inaonekana vizuri. Hesabu ya wajawazito haikumtajirisha mtu. Ramani ya jiwe inaweza kuleta kampuni, na kijiji kikajikuta kinaambiwa kihame. Kwa hiyo si kila daftari lina uzito sawa, na ni haki ya mwenyeji kujua daftari la mgeni ni la namna gani.

Mtafiti akifika, uliza

Tangu tangazo la Helsinki la mwaka 1964, madaktari wa dunia wamekubaliana kwamba mtu hafanyiwi utafiti bila ridhaa yake. Kongo ina komite ya taifa ya maadili ya afya, na vyuo vya Ulaya vina komite zao. Mtafiti wa kweli hakasiriki akiulizwa. Maswali haya yanatosha kwa kuanzia:

– Unatoka chuo gani, na ni chuo gani cha Kongo mnashirikiana nacho?
– Nani alikuruhusu? Barua ya komite ya maadili iko wapi? BCZ na chefu wa kijiji wanajua?
– Unatafuta kujua kitu gani, na kwa faida ya nani?
– Nikikataa, nitapoteza matibabu au msaada wowote? Jibu la haki ni hapana.
– Damu yangu, mate yangu, au jiwe la shamba langu linakwenda wapi, na litakaa huko muda gani?
– Jina langu litaonekana?
– Matokeo mtatuletea namna gani: kwa mkutano, kwa redio, kwa karatasi ya Kiswahili?
– Vijana wetu waliosoma wataandikwa kama watafiti, au kama wabeba mizigo na wakalimani tu?

Swali hilo la mwisho lina uzito wake. Mwaka 1976 damu ya mgonjwa wa Yambuku ilibebwa katika chupa ya thermos hadi Antwerpen, na dunia ikajua Ebola. Kwa miaka mingi jina la Daktari Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyefika Yambuku mapema na kuchukua damu kwa mikono mitupu, halikutajwa sana. Leo yeye anaongoza INRB mjini Kinshasa, na vipimo vingi vilivyokuwa vikisafirishwa vinafanyika nchini. Njia hiyo inawezekana.

Kasongo na Kabambare zimetoa mengi: hesabu za akina mama, maisha ya watoto, kumbukumbu za wazee, karatasi za magazeti zilizoandikwa kwa wino wa mimea. Mengi yako Antwerpen, London, Berlin na Tervuren, na sehemu yake sasa inasomeka kwenye intaneti bila malipo. Mwanafunzi wa hapa anayeandika kazi yake ya mwisho anaweza kuanza na hayo: achukue orodha ya mwaka 1984, aende CPN ya aire yake ya afya, aone leo ni akina mama wangapi wanaozaa mbele ya mzalishaji, na wangapi wanaokwama njiani kabla ya kufika hopitali jenerali. Swali lilianzia Kasongo, na jibu jipya linaweza kutoka Kasongo pia.